Kuhamisha programu uliyoiandika mwenyewe kutoka Windows kwenda Linux

Waalaikum salaam, mdogo wangu wa Malindi. Umeuliza kwa nini programu ya duka la ami yako, uliyoiandika kwa Python kwenye Windows, imekataa kufunguka ulipoipeleka kwa flashi kwenye kompyuta yenye Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Jambo hilo limenihangaisha hapa Lamu kwa programu ya kupimia samaki ya kikundi cha wavuvi: nahodha, aina ya samaki, kilo, bei, risiti.

Hilo faili la .exe, yaani programu iliyokwisha fungashwa ya kubofya, liache huko huko. Limefungwa kwa muundo unaosomwa na Windows. Linux ina wake, unaoitwa ELF. Ipo Wine, ambayo huendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, lakini kodi, yaani maandishi ya programu uliyoyaandika, unayo mkononi, ya nini kuzunguka? Beba kodi na data. Folda ya venv, ile Python inamohifadhi maktaba za programu yako, usiibebe, maana imejaa anwani za kompyuta ya zamani na maktaba zilizojengwa kwa Windows. Toa orodha ya maktaba kwa amri ya pip freeze, uzisakinishe upya. Ukitaka tena faili moja la kubofya, PyInstaller italitengeneza, ila uiendeshe kwenye Linux yenyewe. Kama data yako iko kwenye SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, shukuru: faili lake husomeka pande zote mbili kama lilivyo.

Mimi kilichoninyima usingizi ni herufi. Laptopu yangu ya kwanza aliniletea shemeji kutoka Maskati, na mfumo wake ulikuwa wa Kiarabu. Wazee walitaka jina la kikundi liandikwe juu ya risiti kwa hati za Kiarabu, nami nikalihifadhi kwenye faili la maandishi bila kutaja usimbaji, yaani namna herufi zinavyogeuzwa kuwa namba, likaingia kwa Windows-1256, usimbaji wa Kiarabu wa Windows. Kule Linux, Python ikalisoma kama UTF-8, usimbaji mwingine, ikasimama na UnicodeDecodeError. Kwa haraka nikaiamuru ipuuze makosa. Risiti zikatoka, juu peupe. Mzee mmoja akaigeuza karatasi mbele na nyuma, akaniuliza, "Jina letu umelipeleka wapi, mwanangu?" Niliona haya sana. Dawa yake ni fupi: fungua faili mara moja kwa encoding='cp1256' (ndiyo hiyo Windows-1256), ulihifadhi kwa encoding='utf-8', na kuanzia hapo kila open() itaje usimbaji wake.

Angalia pia majina ya mafaili. Kwa Windows, kwa kawaida, Bei.csv na bei.csv ni faili moja. Kwa Linux ni mawili, na kodi yako ikiita lisilokuwapo itaanguka. Anwani kama C:\Duka\Data ziondoe zote, utumie pathlib, maktaba ya kushughulikia anwani za mafaili, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.4. Na kama una skripti ya .sh, yaani faili la amri za Linux, uliyoiandika kwa Notepad, huenda kila mstari unamalizika kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF, wakati Linux inataka LF peke yake. Huenda ikakujibu "bad interpreter" ilhali kwa macho huoni kasoro yoyote. Ipitishe kwenye dos2unix, kisha uipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x.

Mizani yangu inaunganishwa kwa USB. Kwa Windows jina la mlango wake lilikuwa COM3. Kwa Linux ikawa /dev/ttyUSB0, na haikusomeka mpaka nilipojiingiza kwenye dialout, kundi la watumiaji wenye ruhusa ya kutumia milango hiyo, nikatoka na kuingia upya. Ikiwa ami yako ana mizani ya namna hiyo, anza kuiangalia hapo.

Laptopu ya zamani usiifute bado. Mimi niliziendesha zote mbili wiki nzima, kila jioni nikilinganisha jumla. Siku ya tatu zikatofautiana, na ni pesa za watu waliokesha baharini, sikuweza kuliacha hivyo. Kumbe kodi yangu ilichukua faili la mwisho kwenye orodha ya os.listdir(), amri ya Python inayotaja mafaili yaliyomo kwenye folda, ikidhani ndilo la leo. Kwenye Windows orodha ilikuwa ikija kwa mpangilio wa majina, lakini Python haikuahidi mpangilio wowote, na kule Linux ilikuja shaghalabaghala. Mafaili nilikuwa nimeyapa majina kwa tarehe, kuanzia mwaka, hivyo nikaweka sorted() tu, ya kuyapanga kwa mfuatano, na jioni ile jumla zikalingana hadi senti.