Barua kwa mwanangu: kabla hujachukua kadi ya chama Belfast

Mwanangu,

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kama mwanafunzi Mtanzania mwenye viza anaruhusiwa kuingia katika siasa za kijamhuri hapo Belfast, yaani siasa za wanaotaka Ireland Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, iungane na Jamhuri ya Ireland iwe nchi moja. Pili, kama hao wenzako wa chuo wanaokuita mkutanoni ni watu wa kufuatana nao.

La kwanza ni jepesi: unaruhusiwa. Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, na raia wa Madola anayeishi Ireland Kaskazini kwa kibali halali ana haki ya kuandikishwa na kupiga kura ya halmashauri, ya Stormont, yaani bunge la Ireland Kaskazini, na hata ya Bunge la London. Ungekuwa Dublin, katika Jamhuri ya Ireland, hali ingekuwa nyingine. Kule mkazi yeyote, awe raia au mgeni, hupigia kura halmashauri, lakini bunge lao, Dáil, huchaguliwa na raia wa Ireland na wa Uingereza tu. Chama kikikupa kazi ya malipo, kumbuka kuwa saa zake zinaingia katika zile 20 kwa wiki unazoruhusiwa wakati wa masomo.

La pili linataka maelezo, kwa sababu wanaojiita wanajamhuri hawako nyumba moja. Sinn Féin, chama kikubwa kuliko vyote vya kijamhuri, iliasisiwa mwaka 1905 na imegawanyika mara nyingi. Mwaka 1970 iligawanyika, na mwaka 1986 tena, pale mkutano mkuu ulipokubali wabunge wake waingie Dáil. Waliokataa wakatoka na kuunda Republican Sinn Féin. Mwaka 2006 wengine waliunda éirígí, na mwaka 2016 ikaja Saoradh. Kwa hiyo mtu akikwambia "njoo kwenye mkutano wa vijana wa kijamhuri", hajakwambia kitu bado. Muulize ni vijana wa nani. Ógra Shinn Féin ni jumuiya ya vijana ya chama kilichopata viti 27 kati ya 90 Stormont mwaka 2022, na ambacho Michelle O'Neill wake ni Waziri wa Kwanza tangu Februari 2024. Saoradh haiitambui Stormont kabisa, na polisi wanaihusisha na kundi la silaha linaloitwa New IRA.

Kuupinga Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, ule wa amani ya Ireland Kaskazini, si kosa. Ni maoni, na wapo watu waungwana wenye maoni hayo. Kosa linaanzia pengine. Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000 inayapiga marufuku makundi kadhaa, na katika orodha hiyo, pamoja na IRA yenyewe, yaani jeshi la siri la wanajamhuri, imo Fianna, jumuiya ya vijana iliyoanzishwa mwaka 1909. Uanachama peke yake unaweza kukupeleka jela hadi miaka 14. Tangu 2019 ni kosa pia kutoa kauli ya kuliunga mkono kundi kama hilo bila kujali kwamba unaweza kumvuta mwingine, na chapisho la mtandaoni linaweza kuangukia hapo. Kuvaa gwanda hadharani kwa namna inayokufanya uonekane mfuasi wa kundi hilo ni kosa jingine. Kwa mwenye viza, kifungo hakiishii gerezani. Kinaweza kufuatwa na kufukuzwa nchini.

Angalia hasa maandamano ya Pasaka ya kukumbuka mapambano ya 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza. Mengi ni ya amani: watu huvaa beji ya yungiyungi, hutembea hadi makaburini, hotuba husomwa, basi. Lakini sheria inataka mwandalizi awajulishe polisi siku 28 kabla, kwa fomu wanayoiita 11/1, na anayeshiriki akijua kwamba taarifa haikutolewa anavunja sheria naye. Ukialikwa, uliza kama fomu imepelekwa. Swali hilo halimkwazi mwandalizi halali hata kidogo. Huko Creggan, Derry, vijana wadogo wamewahi kuonekana siku kama hiyo wamefunika nyuso, wakirusha mabomu ya petroli kwenye magari ya polisi. Tazama ni nani anayerusha na ni nani aliyesimama nyuma akitoa maelekezo: aliye mbele ana miaka kumi na kitu, wa nyuma ni mtu mzima. Usiku wa tarehe 18 Aprili 2019, katika mtaa huohuo, mtu mmoja aliwafyatulia polisi risasi ikampiga mwandishi wa habari Lyra McKee, aliyekuwa na miaka 29. New IRA ilikiri na kuomba radhi. Radhi haikumrudisha. Omagh, tarehe 15 Agosti 1998, bomu la kundi jingine lililoukataa mkataba liliua watu 29, na mwanamke mmoja miongoni mwao alikuwa na mimba ya mapacha. Ukisikia mtu anawataja vijana wa zamani waliobeba bunduki kwa sifa tupu, bila kuwataja waliokufa, ondoka.

Sasa kazi yenyewe, kwa sababu naona ndiyo itakayokufaa. Utaanzia kwenye tawi, wao husema cumann, na sehemu kubwa ni kugonga milango ukiwa na daftari la wapiga kura mkononi. Usiulize "utatuchagua?" tu. Uliza namba moja anampa nani, kisha namba mbili na tatu, uandike. Stormont mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, na kila jimbo lina viti 5. Kura halali zikiwa 48,000, unagawa kwa 6, unaongeza moja: anayefika 8,001 amepita. Ziada yake huenda kwa aliyefuata kwenye karatasi. Karatasi yenye namba 1 mbili imeharibika, na hilo lielezwe mlangoni kwa upole.

Kinachowashinda wengi ni hesabu ya wagombea. Ukisimamisha wengi mno, kura zinatawanyika na wako wanaondolewa mapema. Ukisimamisha wachache, unapoteza viti. Uchaguzi wa Dáil wa Februari 2020 ndio mfano mzuri: Sinn Féin iliongoza kwa kura za kwanza, asilimia 24.5, lakini ilikuwa imesimamisha watu 42 tu, wakapita 37. Mahali pengi ziada yao ilikwenda kwa vyama vingine kwa sababu hapakuwa na mgombea wao wa pili. Ndiyo maana chama makini hugawa jimbo mitaa kwa mitaa, mtaa huu namba moja kwa huyu, ule kwa yule, na siku ya kuhesabu mawakala hubanana kwenye kizuizi na penseli, wakichora vijiti kadiri karatasi zinavyofunguliwa, wapate kujua kila sanduku limesemaje. Omba kupangwa hapo. Utajifunza katika asubuhi moja kuliko katika mihadhara.

Na kuhusu Ireland moja, njia yake imo katika sheria: Waziri wa Uingereza anayehusika na Ireland Kaskazini lazima aitishe kura ya maoni akiona kuna uwezekano wengi wataunga mkono, na ikishindwa haiwezi kurudiwa kabla ya miaka 7. Sensa ya 2021 ilionyesha asilimia 45.7 wana asili ya Kikatoliki na 43.5 ya Kiprotestanti. Hakuna upande wenye nusu, na si kila Mkatoliki anataka muungano huo. Atakayeamua ni jirani asiye wa upande wowote, na huyo hapatikani kwa kupiga kelele kwenye mtaa wenu. Tawi lisilowahi kugonga mlango wake linapoteza muda wako.

Wiki hii jaza fomu ya Ofisi ya Uchaguzi ya Ireland Kaskazini, na uombe pamoja kitambulisho chao cha mpiga kura; hakilipiwi, na bila kitambulisho chenye picha kinachokubalika hutapewa karatasi. Kisha niandikie jina kamili la kundi lililokualika.

Mama yako