Mtihani wa Miaka Kumi Si Lazima, Kupimwa ni Lazima

Madaktari wenzangu wakishapata uzoefu wa miaka mingi huniuliza swali moja kuliko mengine yote: cheti changu cha ubingwa kinakaribia kuisha, nikae tena mtihani mkubwa au kuna njia nyingine? Wengi wanauliza wakiwa wamechoka. Wana zamu za usiku, wana familia, wana wagonjwa wanaowategemea, na sasa wanatakiwa kusoma tena magonjwa ambayo hawajayaona tangu wamalize masomo ya ubingwa. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani hapa Marekani na nimepitia njia zote mbili, ule mtihani wa siku nzima na huu utaratibu wa maswali machache kila robo mwaka. Kwa hiyo nasema ninachokiamini: kama bodi yako, yaani chombo kinachotoa cheti chako cha ubingwa, inakuruhusu kuuacha mtihani mkubwa, uache. Ila usiuache ili usipimwe. Daktari mzoefu anahitaji kupimwa mara nyingi zaidi, na kinachotakiwa kubadilika ni namna ya kumpima.

Vyeti vyenye ukomo si jambo la tangu enzi. Bodi ya madaktari wa familia ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969 ndiyo iliyotangulia kudai daktari athibitishwe upya kila baada ya miaka kadhaa. Bodi ya magonjwa ya ndani, ABIM, ilifuata mwaka 1990. Aliyepata cheti kabla ya hapo alibaki nacho maisha, aliyepata baadaye akapewa miaka 10. Kwa hiyo ukawakuta madaktari wawili kwenye wodi moja, wanatibu wagonjwa walewale, mmoja anakesha na vitabu na mwenzake hana wasiwasi wowote. Mwaka 2014 jarida la JAMA lilichapisha utafiti uliolinganisha makundi hayo mawili katika hospitali nne za wanajeshi wa zamani. Katika vigezo 10 vya ubora wa huduma, tofauti haikuonekana.

Matokeo hayo hayakunishangaza. Mtihani mkubwa unauliza kila kitu, ilhali daktari mzoefu hafanyi kila kitu. Mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitibu wagonjwa waliolazwa analazimika kukariri mambo ya kliniki za nje, na wa kliniki za nje anakariri ya chumba cha wagonjwa mahututi. Unakaguliwa mifuko, unaacha simu na saa kwenye kabati, unakaa mbele ya kompyuta hadi jioni. Kwa miaka mingi hukuruhusiwa hata kufungua rejea ya dozi, kitu ambacho kazini tunakifanya kila siku na tunapaswa kukifanya. Daktari anayekisia dozi ya mgonjwa mwenye figo dhaifu badala ya kuiangalia ni hatari, lakini chumba cha mtihani kilimpa alama yule aliyeikariri.

Halafu kuna uzito wa matokeo. Cheti cha ubingwa si leseni, na kisheria unaweza kutibu bila cheti hicho. Lakini hospitali nyingi hukidai kabla ya kukupa ruhusa ya kulaza wagonjwa, na kampuni za bima hukiangalia kabla ya kukuingiza kwenye orodha yao. Ukishindwa siku moja, riziki yako na wagonjwa wako vinaingia mashakani. Ndiyo maana watu wanalipia kozi za maandalizi, wanachukua likizo, wanasoma kinachopenda kuulizwa mtihanini, na wiki chache baadaye nusu yake imeshayeyuka. Nimeona madaktari wazuri sana, watu ambao ningempeleka mama yangu kwao bila kusita, wakiamua kustaafu mapema kwa sababu tu hawakutaka kupita tena katika mlango ule. Hasara hiyo inawaangukia wagonjwa.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema uzoefu unatosha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Annals of Internal Medicine yalionyesha kwamba katika zaidi ya nusu ya tafiti zilizokusanywa, kadiri miaka ya kazi ilivyoongezeka ndivyo utendaji ulivyoshuka kwenye vigezo vyote vilivyopimwa. Mwaka uliofuata JAMA likachapisha mapitio mengine kuhusu madaktari kujipima wenyewe, na jibu likawa kwamba hatujui vizuri tusichokijua. Wanaojiamini kupita kiasi mara nyingi ndio wenye pengo kubwa.

Chukua aspirini. Wengi wetu tulifundishwa kuwapa wazee wenye hatari ya ugonjwa wa moyo aspirini ndogo kila siku hata kama hawajawahi kupata shambulio. Mwaka 2022 jopo la Marekani la huduma za kinga lilishauri kutowaanzishia dawa hiyo watu wa miaka 60 na zaidi kwa ajili ya kuzuia shambulio la kwanza, kwa sababu hatari ya kutokwa damu inafuta faida. Aliyemaliza masomo juzi amelikuta hivyo. Mimi na wewe inabidi tulifute la zamani kwanza, na kufuta ni kugumu kuliko kujifunza upya. Mgonjwa hawezi kujua daktari wake yuko upande gani wa mwaka 2022. Lazima awepo mtu au utaratibu wa kumwangalia kwa niaba yake.

Mabadiliko yalikuja kwa msukosuko. Mwaka 2014 ABIM iliongeza masharti, madaktari wakachachamaa kwa maelfu, na Februari 2015 bodi ikaomba radhi hadharani na kusimamisha sehemu ya masharti hayo. Wakati huohuo bodi ya madaktari wa dawa za usingizi ilikuwa ikijaribu jambo jipya: maswali mafupi, dakika moja kila moja, 30 kwa robo mwaka. Kuanzia 2016 utaratibu huo ulichukua nafasi ya mtihani wao wa miaka kumi. Bodi za madaktari wa watoto, wa familia na nyingine zikafuata. ABIM ilianza wa kwake mwaka 2022: maswali 30 kila robo, dakika nne kwa swali pamoja na akiba ndogo ya muda kwa mwaka, kwa miaka mitano. Unaruhusiwa kutazama vitabu na rejea za mtandaoni. Usichoruhusiwa ni kumuuliza mtu.

Nikueleze inavyokuwa, kwa sababu wengi wanaogopa kitu wasichokijua. Unafungua ukurasa, saa inaanza kurudi nyuma. Mama wa miaka 58, uchovu, kalisi imepanda kidogo, homoni ya paradundumio iko juu kidogo: hatua gani inafuata? Unajua unachotaka kusema, lakini kuna neno moja kwenye kipimo cha mkojo linalokutia shaka. Unafungua rejea, unasoma aya moja, unajibu. Mara nyingi maelezo yanatokea palepale, kwa nini jibu lile na si lile jingine. Ukikosea, kosa linakuuma likiwa bado la moto, na hapo ndipo mtu anapojifunza. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachiana nafasi hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Maswali ya kila robo yamejengwa juu ya ukweli huo. Mtihani wa miaka kumi unakwenda kinyume nao kabisa.

Kama unaanza, usiyalundike maswali hadi wiki ya mwisho ya robo. Nimewaona wenzangu wakimaliza yote 30 usiku mmoja baada ya zamu, na hiyo ni kuurudisha ule mtihani mkubwa kwa mlango wa nyuma. Fanya mawili matatu kwa kikao, asubuhi, akili ikiwa na nguvu. Weka daftari la uliyoyakosa, mada tu, si swali lenyewe, maana maswali ni siri. Baada ya miezi kadhaa mada zinaanza kujirudia na unaliona pengo lako kwa macho yako. Langu lilikuwa kwenye magonjwa ya tezi, na nilienda kulitafutia kozi fupi badala ya kuhudhuria mkutano mwingine wa shinikizo la damu ninalolipenda na kulijua. Na usisahau kwamba mwisho wa miaka mitano kuna kufaulu na kushindwa hapa pia. Kati ya maswali 600 unaweza kuacha 100 bila kuyafungua, kwa hiyo ukiugua au ukipata mtoto kuna nafasi ya kupumua, lakini asiyeshiriki kabisa atajikuta amerudi kwenye mtihani mkubwa.



Ipo njia nyingine inayovutia wengi, bodi mbadala iitwayo NBPAS iliyoanzishwa 2015 na madaktari waliochoshwa. Haina mtihani. Uwe umeshawahi kuthibitishwa na bodi ya zamani, uwe na leseni safi, na uwe na saa za kutosha za mafunzo endelevu. Naheshimu sababu zilizoizaa, na ushindani umewafanya wakubwa wasikilize. Lakini kabla hujalipa, ulizia kwa maandishi ofisi ya hospitali yako inayoshughulikia vibali, na kila bima unayofanya nayo kazi, kama wanakitambua cheti hicho. Wengine wanakitambua, wengine hapana, na jibu la mdomo kwenye korido halitakusaidia siku ya siku. Jambo jingine, saa za mafunzo peke yake hazikuambii usichokijua. Mtu anaweza kukaa ukumbini akijibu barua pepe na bado akahesabiwa saa zake.

Ninachokitamani zaidi kinafanyika nje ya Marekani. Uingereza tangu Desemba 2012 daktari huthibitishwa upya kila miaka mitano bila mtihani wowote: kila mwaka anakaa na mwenzake aliyefunzwa kwa kazi hiyo na kupitia ushahidi wa kazi yake, na angalau mara moja katika miaka hiyo mitano anakusanya maoni ya wagonjwa na ya wafanyakazi wenzake. Wauguzi wa huko wana utaratibu unaofanana, kila miaka mitatu, na wanatakiwa kuandika tafakuri tano kuhusu kazi yao. Australia wamekwenda mbele zaidi. Tangu Januari 2023 daktari anatakiwa kuwa na saa 50 kwa mwaka, na 25 kati yake ziwe za kutathmini utendaji wake na kupima matokeo ya kazi yake. Kusikiliza mihadhara tu hakutoshi.

Hilo la kupima matokeo unaweza kulianza popote ulipo, hata kama hakuna anayekudai. Chagua ugonjwa mmoja unaouona sana na swali moja tu. Mimi nilichukua metformini, dawa ya kisukari. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilibadilisha kanuni: badala ya kuangalia kreatinini, kipimo cha damu cha figo, peke yake, tuangalie makadirio ya uchujaji wa figo, na dawa ikatazwe pale yanaposhuka chini ya 30. Kanuni hiyo naijua, wenzangu wanaijua, mtihanini sote tungepata. Lakini nilipopitia mafaili ya wagonjwa wa kisukari waliohamia kliniki yetu, nilikuta kundi ambalo dawa hiyo ilisimamishwa zamani kwa kanuni ya kreatinini, huko walikotoka, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena. Mama mmoja alikuwa amewekwa kwenye insulini, anaichukia sindano kama nini, na figo zake kwa hesabu ya sasa zilikuwa zinaruhusu kabisa metformini. Kwenye faili lake lilikuwepo neno moja, “figo”, likinakiliwa ziara baada ya ziara. Mtihani ungepima kama kanuni imeingia kichwani mwangu. Faili lilionyesha kwamba haijamfikia mgonjwa.

Baada ya hapo tukakubaliana kliniki nzima kwamba kila dawa iliyositishwa iandikwe na sababu na tarehe. Kazi hiyo ilinichukua jioni chache na mhudumu wa kumbukumbu mwenye subira. Naiona kuwa tathmini bora kuliko zote nilizowahi kufanyiwa.

Maoni ya wenzako nayo yaombe kwa ujasiri, na uwaombe wanaokuona ukiwa umebanwa: muuguzi wa zamu, mfamasia, daktari mwanafunzi. Usiwaulize “naendeleaje”, maana watakuheshimu tu. Waulize, “Ni jambo gani nikilifanya linakufanya usitake kunipigia simu usiku?” Mfamasia mmoja aliniambia ninakata simu kabla hajamaliza sentensi. Hakuna karatasi ya maswali duniani ingeniambia hilo.

Je, kuna anayefaa bado kukaa mtihani mkubwa? Yupo. Aliyekaa nje ya kazi miaka kadhaa anafaidika kwa kusoma uwanja wote upya. Anayehamia fani nyingine pia. Na wapo wanaopenda kulimaliza jambo kwa siku moja kuliko kulibeba miaka mitano. Kama ndivyo ulivyo, usione haya. Ila amua mapema. Ingia kwenye akaunti yako ya bodi wiki hii uone mwaka wako wa ukomo na mwisho wa kujiandikisha, kwa sababu ukipitwa na dirisha la kujiunga na maswali ya robo mwaka, mtihani mkubwa ndio utakaobaki.

Na wewe unayekaa kwenye kamati ya vibali ya hospitali, nakuomba jambo moja. Fungua kanuni zenu mwangalie zimeandikwa lini. Kama bado zinataja mtihani wa kila miaka kumi, zibadilisheni zitambue tathmini endelevu, na mtenge saa za kazi kwa ajili ya daktari kupitia mafaili yake mwenyewe. Sasa hivi wengi wetu tunaifanya kazi hiyo usiku, nyumbani, bila malipo, na wale waliochoka zaidi hawaifanyi kabisa.