Wasomaji Wanauliza: Singeli kwa Wanaoipenda Kweli

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Tangu tugusie vigodoro vya Dar es Salaam, zile sherehe za mtaani zenye spika barabarani, sanduku letu limejaa singeli, muziki wa kasi wa mitaa hiyo. Zile za kutaka tuamue nani mkali kati ya MC (mchanaji) fulani na fulani tumeziachia vijiwe vya kahawa. Hizi zilizobaki zina kazi ndani yake.

Rafiki yangu ananibishia kwamba singeli ni mchiriku uliobadilishwa jina tu. Mimi nasema ni vitu viwili. Tuamulieni. — Msomaji, Ubungo

Rafiki yako yuko sahihi kwenye ukoo, wewe uko sahihi kwenye muziki wenyewe. Mchiriku ni muziki wa kundi. Kuna kinanda kidogo cha Casio kinachopitishwa kwenye amplifaya mpaka kinalia kwa kukwaruza, kuna ngoma zinazopigwa kwa mkono, kuna mwimbaji na waitikiaji. Ulitokana na ngoma za Wazaramo, na miaka ya 1990 ulisambaa kwa kanda za kaseti mitaa ya uswahilini. Kundi lililoufikisha mbali ni Jagwa Music, ambao albamu yao ya Bongo Hotheads ilitoka Ulaya mwaka 2012.

Singeli ilichomoza katikati ya miaka ya 2000, maeneo ya Manzese, Tandale na Mburahati, na haikuhitaji kundi. DJ alikata kipande cha kinanda kwenye taarabu ya kisasa, mchiriku au sebene, akakizungusha na kukikimbiza, na MC akashika kipaza akaanza kuchana juu yake. Baadaye studio za mtaani zikaanza kuunda biti zake zenyewe. Mwendo wa kawaida ni mapigo 180 hadi 220 kwa dakika, na wapo wanaofika 300.

Mkitaka kumaliza ubishi, sikilizeni kinanda. Kwenye mchiriku mpigaji anawaona wachezaji, akiona wamekolea anarefusha na kugeuza. Kwenye singeli lupu, yaani kile kipande kinachozungushwa, haimjali mtu. Inarudi vilevile, na kazi yote ya kuwasoma watu inabaki kwa MC na DJ.

Nina kompyuta na FL Studio, programu ya kutengeneza muziki. Nilichukua biti ya kawaida ya mapigo 100 nikaikimbiza mpaka 200. Sauti imekuwa ya mbu, besi imepotea, na kiki (mapigo mazito ya ngoma ya chini) zimekuwa kama tope. Nakosea wapi? — Msomaji, Morogoro

Umekimbiza wimbo badala ya kujenga singeli. Hilo ndilo kosa la wengi, na sababu yake ni hesabu tu.

Sauti ikikimbizwa mara mbili bila kulindwa, inapanda oktavu nzima, yaani nusu-toni 12. Besi iliyokuwa inatetemesha kifua kwa hezi 50 (mitetemo kwa sekunde) sasa iko hezi 100, na sauti ya mtu inakuwa ya mbu kama ulivyosema. Ukiamua kulinda ufunguo, yaani kimo cha sauti, kama kwa kile kitufe cha programu ya Virtual DJ, sauti haipandi lakini programu inalazimika kuikatakata na kuiunga, na kiki zinapoteza ncha. Kwa hiyo usitoke mbali hivyo. Tafuta kipande cha kinanda chenye mapigo 165 hadi 175. Kutoka 170 kwenda 200 kinapanda karibu nusu-toni 3 tu, na mpando huo mdogo ndio unaoipa singeli ule ukali wake mtamu. Acha sauti ya kipande ipande, usilinde ufunguo.

Kata baa 4 au 8, baa moja ikiwa mapigo manne. Kwenye mwendo wa 200, baa 8 ni sekunde 9.6 kamili. Ukiona kipande chako kina sekunde 9.7, kitaanza kuteleza mzunguko wa tatu au wa nne, na hakuna kiki itakayokuokoa. Kikate upya kwa kukuza picha ya wimbi, uanzie pale mstari unapovuka sifuri, la sivyo utasikia "tk" kila kinaporudi.

Sasa tope. Kwenye 200 pigo moja lina milisekunde 300, na nusu pigo ni 150. Kiki za kwenye maktaba za kawaida zina mkia wa milisekunde 400 au zaidi, kwa hiyo kila kiki inaingia kabla ya iliyotangulia kunyamaza. Zikijazana hivyo, spika haina nafasi ya kupumua. Fupisha mkia wa kiki ufike milisekunde 120 au 130. Halafu ondoa mwangwi wote kwenye ngoma, hata ule mdogo unaodhani hausikiki. Kinanda na sauti za watu vichujwe chini ya hezi 150, besi na kiki zibaki na huko chini peke yake. Chini ya hezi 35 usiache kitu: spika za mtaani hazitoi hizo sauti, zinakula nguvu ya amplifaya bure.

Kuhusu mpangilio, hatua 16 za FL Studio ni baa moja, sekunde 1.2. Weka kiki kwenye hatua ya 1, 5, 9 na 13 kwanza, usikilize na kipande chako. Kisha ongeza ngoma ya juu kwenye hatua zinazoangukia katikati, kama 4, 7, 11 na 14, moja baada ya nyingine, na uache mara tu kiuno kinapoanza kujibu. Wanaoanza hujaza hatua zote 16 wakidhani kasi ni wingi. Kasi tayari ipo kwenye 200. Mtu anachezea mapengo.

Jambo la mwisho kwako, maana najua hatua inayofuata utamwita MC. Kompyuta yenye nguvu ndogo huwekewa bafa kubwa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa, ili isikwame. Bafa ya sampuli 2048 kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde ni kucheleweshwa kwa milisekunde 46, na hatua moja kwenye mwendo wako ni milisekunde 75. MC anajisikia amechelewa zaidi ya nusu hatua, anajitahidi kuiwahi, na mnaanza kulaumiana. Toa biti iliyokamilika kama faili moja ya WAV (sauti isiyobanwa), fungua kazi mpya yenye faili hiyo pekee, shusha bafa iwe 256, ndipo arekodi. Na umwachie nafasi: punguza kinanda desibeli 3 hivi kati ya hezi 1,500 na 4,000, ambako maneno hukaa.

Nikirekodi kigodoro kwa simu, sauti inapasuka tupu. Mjomba ananiambia nifunge kitambaa kwenye simu. Na masikio yangu huvuma mpaka asubuhi, ni kawaida? — Msomaji, Temeke

Kitambaa kinazuia upepo, hakizuii kupasuka. Sauti inapasuka ndani ya kipaza cha simu, au pale simu inapoikuza yenyewe bila kukuuliza, na ikishapasuka hakuna programu ya kuirudisha. Dawa ni umbali na kudhibiti kiwango. Uwanja wa wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili sauti hushuka kama desibeli 6. Kutoka mita 3 kwenda mita 12 umepunguza 12, na mara nyingi hiyo inatosha. Simama kando kidogo ya mstari wa spika, kamwe usisimame mbele ya makabati ya besi, na usiegemee ukuta, maana besi hujaa pale.

Tumia programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima ukuzaji wa kujiendesha. Wakati DJ amefungulia kabisa, mshale wa kipimo cha sauti uguse desibeli 12 chini ya kilele, usizidi hapo. Watu huweka kiwango wakati wa kujaribu mitambo saa mbili usiku, kisha saa sita DJ anaongeza na kila kitu kinaharibika. Rekodi kwa WAV ya mono, yaani chaneli moja: ni kama MB 5 kwa dakika, muda wa saa tatu ni karibu GB 1. Simamisha na uanze faili mpya kila nusu saa, kwa sababu simu ikizimika katikati, faili lililokuwa wazi huweza kupotea lote. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama ujumbe wa sauti.

Kabla hujalala, andika tarehe, mtaa, jina la MC na la DJ. Nusu ya rekodi za singeli zinazozunguka hazina jina la aliyetengeneza biti, na mashabiki wenyewe ndio wanaozisambaza hivyo. Muombe MC ruhusa, na usipige video za watoto.

Masikio kuvuma mpaka asubuhi si kawaida hata kidogo. Kipimo kinachotumika kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu. Ukifika 100, ambako mbele ya spika ni jambo dogo, muda wako ni dakika 15. Pamba ya kawaida haizuii cha maana. Tafuta vizibo vya povu: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, kiingize, kishike sekunde 20 kinapojaa. Kikibaki nje nusu, hujavaa. Na kila saa moja toka nje ya uwanja dakika 10.

Nakuja Dar kwa mara ya kwanza. Nisikilize nini kabla, na niende wapi? — Msomaji, Mombasa

Singeli ina mito miwili, na ukisikiliza mmoja tu utadhani umeujua wote. Wa kwanza ni wa redio na majukwaa: Msaga Sumu, Sholo Mwamba, Dulla Makabila, Meja Kunta. Anza na Hainaga Ushemeji ya Man Fongo, iliyovuma mwaka 2016, miaka ile redio ya EFM ilipokuwa inaubeba muziki huu hewani. Hapa maneno ndiyo mfalme.

Wa pili ni wa studio ndogo, na studio ya Sisso iliyoko Mburahati ndiyo iliyotajwa zaidi. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, ikafuata Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018 na Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2019. Hapa mtengeneza biti ndiye nyota, na nyimbo nyingine hazina mchanaji kabisa. Maoni yetu: ule wa pili unasifiwa sana Ulaya kuliko mitaa ya kwao, lakini ndiko singeli inakojaribu vitu vipya.

Kwenda wapi ni swali gumu kidogo, kwa sababu kigodoro si ukumbi wenye ratiba. Ni sherehe ya mtu: harusi, mwali anatolewa, mtoto katahiriwa. Turubai linafungwa barabarani na spika zinapangwa. Nenda na mwenyeji wa mtaa huo, mpe pole na hongera mwenye shughuli kabla hujatafuta pa kusimama, na uwe na noti ndogo ndogo za kumtunza MC akikutaja. Usitoe simu mpaka umeona wenyeji wametoa za kwao. Muulize mwenyeji kama shughuli ina kibali, kwa sababu isiyo nacho huweza kuzimwa ngoma ikiwa imekolea, na wewe mgeni hutajua njia ya kutokea.

Mwanangu wa miaka 13 anaipenda singeli. Ni matusi tupu? — Mzazi, Kibaha

Si tupu, mzazi mwenzetu, ila yapo. Yale ya kigodoro cha usiku na yale ya redioni mara nyingi ni matoleo mawili ya wimbo uleule. Mpe ya redioni, na usikilize naye mara moja moja. Nyingi zinazungumzia kodi ya nyumba, mawifi na ukata.

Nimetengeneza biti, MC ameivumisha, na jina langu halipo popote. Nifanyeje? — Msomaji, Mbagala

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ni yako tangu ulipoiumba, hata kabla ya kuisajili. Tatizo ni ushahidi. Faili la mradi la FL Studio lenye tarehe ndilo shahidi wako mkubwa kuliko WAV, kwa hiyo lihifadhi sehemu mbili tofauti na usilifungue na kulihifadhi upya, maana tarehe itabadilika. Tengeneza nakala ndipo ufanyie kazi nakala. Kisha peleka kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ikasajiliwe. Kama biti ilijengwa juu ya kipande cha taarabu ya mtu, dai lako linaishia kwenye ulichoongeza, na mwenye taarabu anaweza kukudai wewe.

Kwa huyu MC, anza na mazungumzo mbele ya mtu mnayemheshimu wote, mkiwa na faili wazi kwenye kompyuta. Kwa zijazo, karatasi moja kabla faili halijatoka studio: jina la wimbo, majina kamili ya waliohusika, nani kafanya nini, asilimia za kila mmoja zinazojumlisha 100, tarehe na sahihi. Kila mtu aipige picha papo hapo. Na kwenye biti yenyewe weka jina lako kwa sauti sekunde chache za mwanzo, kisha tena katikati, juu ya kinanda, pale ambapo mtu akijaribu kulikata lazima akate na lupu.