Kalkulasi muhula wa pili, maombi mwezi Novemba

SWALI: Ni raia wa Kanada, nimeanza darasa la 12 Ontario. Wastani wangu ni asilimia 94, mtihani wa SAT wa kuombea vyuo vya Marekani nina 1490 (hesabu 760). MHF4U, yaani hisabati ya fankshini za juu, nilimaliza mwaka jana kwa 96, ila MCV4U, yaani kalkulasi na vekta, nimepangiwa muhula wa pili. Nataka kusoma shahada ya kwanza Wharton, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania (Penn). Nina nafasi? Nigeuze asilimia ziwe GPA, wastani wa alama wa Kimarekani? Na nikiomba msaada wa ada, nitaachwa?

JIBU: Nafasi ipo, ingawa ni finyu kwa kila mtu. Wenye alama kama zako wanaokataliwa ni wengi mno, kwa hiyo asikudanganye mtu na makadirio ya asilimia.

Kinachotutia wasiwasi ni ratiba yako. Wharton inataka kuona hisabati imara, hasa kalkulasi. Maombi ya mapema ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania hufungwa Novemba 1 na majibu hutoka katikati ya Desemba. Wewe utagusa kalkulasi Februari! Hata katika maombi ya kawaida, yanayofungwa mwanzoni mwa Januari, ripoti ya nusu mwaka itabeba alama za muhula wa kwanza tu. Nenda kwa mshauri wa shule wiki hii, kabla madarasa hayajajaa, umwombe MCV4U ibadilishane na somo jingine. MHF4U ukiwa umeshaimaliza, hakuna kizuizi. Kisha alama za katikati ya muhula zikitoka Novemba, azitume mara moja bila kungoja Februari.

GPA achana nayo. Shule hutuma asilimia zako pamoja na maelezo ya namna inavyopanga alama, nao wasomaji wa maombi huko Penn wamezoea kusoma za Ontario. Ukigeuza mwenyewe, namba zako zitagongana na za shule. Jambo ambalo wengi hulisahau: vyuo vya Ontario hutazama masomo sita bora ya darasa la 12, lakini Wamarekani husoma kuanzia darasa la 9. Kama kuna mwaka ulioporomoka, mshauri aueleze katika barua yake.

SAT irudie Oktoba. Penn huchukua alama ya juu ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti, kwa hiyo 760 yako haipotei. Nguvu ziweke kwenye kusoma na kuandika.

Kuhusu ada, hapa Mkanada ana bahati. Penn haitazami uwezo wa kulipa inapoamua kuhusu raia wa Marekani, Kanada na Mexico. Mwombaji wa nchi nyingine hana uhakika huo. FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, haikuhusu. Jaza CSS Profile, fomu ya msaada wa vyuo vyenyewe, kwa dola za Kanada, na wazazi waandae T4 (hati ya mshahara ya mwajiri) na tathmini yao ya kodi. Usingoje ukubaliwe ndipo uombe.

Maombi ya mapema yanakufunga: ukikubaliwa unakwenda, isipokuwa msaada ukiwa hautoshi kweli. Kama bado unasitasita kati ya Wharton na shule za biashara za Ontario kama Queen's au Ivey, omba kwa njia ya kawaida.

Viza huhitaji. Mpakani utaonyesha pasipoti, fomu ya I-20 inayotolewa na chuo, na risiti ya ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni), dola 350 za Marekani.