Kabla Hujaandika Kuhusu Kijiji Kimoja cha India

Ukikabidhiwa majedwali ya sensa ya India ya 2011 na kuambiwa ueleze kijiji kimoja chenye watu mia chache, anza na namba yake ya utambulisho, usianze na jina. Vijiji vinavyoitwa Rampur ni vingi mno. Sensa ile iliorodhesha vijiji zaidi ya 640,000, kila kimoja kwa namba ya tarakimu sita, na maelfu kati yake havina mkazi hata mmoja: ni ardhi yenye mipaka na jina katika daftari la kodi. Ukikuta sifuri kwenye idadi ya watu, usidhani takwimu zimepotea.

Hapo pana jambo ambalo wanaoanza kazi hii hulipita mbio. Kijiji cha sensa ni eneo la kodi ya ardhi, lakini watu wanaishi vitongojini, na barabara hupangwa kwa vitongoji. Mpango wa taifa wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulioanza Desemba 2000, uliweka kigezo cha watu 500 kwa kitongoji cha nchi tambarare, na 250 kwa milimani, jangwani na maeneo ya makabila. Hesabu iliyotumika ni ya sensa ya 2001. Chukua mfano wa kijiji cha tambarare chenye watu 620, 350 kitongoji hiki na 270 kile, kilomita moja kati yao. Kijiji kimevuka 500, vitongoji vyake havijafika. Usipoitafuta ramani ya vitongoji utabaki unashangaa kwa nini lami haikufika, na pengine utawalaumu viongozi wa kijiji bure.

Safu za usafiri nazo zisome polepole. Kitabu cha sensa cha kila wilaya kinaonyesha kama kijijini kuna basi la umma, basi la binafsi, bajaji, teksi, treni, hata mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe. Huduma isipokuwepo, umbali wa kuifuata huandikwa kwa herufi: a ni chini ya kilomita 5, b ni 5 hadi 10, c ni zaidi ya 10. Basi linalopita mara moja alfajiri na mabasi yanayopita kutwa hupata alama ileile. Na hizo kilomita 4 za herufi a, mvua za Juni hadi Septemba zikijaza korongo lisilo na daraja, kwa mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku ni safari isiyowezekana. Kwa hiyo tafuta mtu wa kijijini, hasa mwanamke, umuulize saa za basi na njia ya wakati wa mvua. Hilo kwangu ni la lazima.

Idadi ya watu inategemea pia msimu. Watu walihesabiwa tarehe 9 hadi 28 Februari 2011, wakati familia nyingi za wilaya ya Beed, jimbo la Maharashtra, huwa ziko mbali zikikata miwa. Kijiji cha wahamiaji wa namna hiyo kinaweza kuonekana kidogo kuliko kilivyo.

Asilimia na uwiano vikwepe kwa kijiji kidogo. Wasichana 18 kwa wavulana 22 wenye umri wa miaka 0 hadi 6 ni uwiano wa 818 kwa 1,000, unaotisha kwenye ripoti, ilhali wavulana wawili tu wangekuwa wasichana, uwiano ungekuwa sawa kabisa. Andika hesabu yenyewe. Katika kusoma na kuandika, toa kwanza watoto hao kwenye jumla, kwa kuwa kiwango hukokotolewa kwa wenye miaka 7 na zaidi.

Sensa ya 2021 iliahirishwa, na inayofuata imepangiwa tarehe ya rejea, yaani siku ambayo idadi ya watu huhesabiwa kuwa ndiyo yake, ya 1 Machi 2027 kwa sehemu kubwa ya nchi. Hadi matokeo yake yatoke, kila idadi unayoiandika iambatane na mwaka 2011, hata kwenye kichwa cha jedwali.