Joka limechokozwa mara mbili: nimshambulie nani?

SWALI: Tunacheza mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering watu wanne, mtindo wa Commander. Wa mbele yangu alilipiga joka langu, ambalo ni kadi ya kiumbe, goad, kisha wa kulia naye akalipiga. Wa kushoto ana kadi ya Propaganda. Wenzangu wanasema lazima nimvamie wa kushoto na nilipe mana 2 (nguvu ya kulipia kadi). Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na nadhani wenzako hawatalipenda jibu hili.

Goad, ambayo nitaiita uchokozi, ilianza mwaka 2016 katika seti ya Conspiracy: Take the Crown. Ndani yake mna masharti mawili: kiumbe kishambulie katika kila pambano kikiweza, na kimshambulie mchezaji asiye mchokozi kikiweza. Hudumu mpaka zamu inayofuata ya mchokozi. Joka lako limechokozwa na watu wawili, kwa hiyo limebeba masharti manne. Kanuni inakutaka utimize mengi kadiri inavyowezekana bila kuvunja katazo lolote.

Ukimvamia wa kushoto, yote manne yametimia. Bila Propaganda usingekuwa na la kuchagua. Lakini kadi hiyo inadai mana 2 kwa kila kiumbe kinachomvamia mwenyewe, na kanuni inasema wazi kwamba halazimishwi mtu kulipa gharama ya kushambulia, hata kama kulipa kungetimiza masharti zaidi. Weka mana yako mfukoni.

Sasa hesabu upya. Ukimvamia wa mbele, joka limeshambulia kama wachokozi wote wawili walivyotaka, na limemwendea mtu asiye wa kulia: matatu. Ukimvamia wa kulia, matatu vilevile. Ukilibakiza nyumbani, sufuri. Basi kukaa tu huruhusiwi. Ama ulipe uende kushoto, ama uchague mmojawapo wa wachokozi. Ningekuwa wewe, ningemfuata aliyeanza!

Neno la kutazama sana kwenye kadi ni lile "kikiweza". Joka lililokwisha kulazwa, yaani kadi yake imegeuzwa ubavu kuonyesha imetumika, haliwezi kushambulia, wala lililoingia mezani zamu hiyohiyo bila uwezo wa haraka. Ikiwa lina uwezo unaotumika kwa kulilaza, utumie kabla hujatangaza mashambulizi, uchokozi utapita bure. Nimeona watu wakilalamika kwamba huo ni ujanja. Ni ujanja, na ni halali.

Na viumbe vyako vingine havihusiki. Aliyechokozwa ni joka peke yake.

Kosa jingine ninaloamua mara kwa mara hutokea mezani wakibaki wawili. Mtu anachokoza kiumbe cha mpinzani wake wa mwisho akidhani amejikinga. Sharti la pili halina tena pa kutimizwa, la kwanza bado lipo, na kiumbe kinamjia yeye mwenyewe.