Unabomoa nyumba ya zamani? Usikimbilie kuita fuso la kifusi

Kuna kitu nakiona kila mara kwenye saiti za Arusha na sijakizoea hadi leo. Mtu anabomoa nyumba ya wazee, tuseme pale Kaloleni au Sanawari, anaita fuso libebe kifusi, analipa. Wiki haijaisha huyohuyo anaita fuso jingine limletee mawe na moramu, ule udongo wa kokoto wa kujazia msingi, analipa tena. Yani umelipia mawe yatoke getini halafu ukalipia mawe yaingie getini, na dereva anaweza akawa ni yuleyule, anapokea hela huku na huku na wala hakwambii kitu.

Mimi nasimamia ujenzi mdogomdogo, nyumba za familia, fremu za maduka, uzio, Arusha na mara mojamoja Moshi, kwaiyo haya ninayosema ni ya saizi hiyo, ukiwa na ghorofa la kubomoa tafuta injinia na mkandarasi aliyesajiliwa tusidanganyane.

Jambo kubwa ni moja tu, kifusi kina hela kama hakijachanganyika. Tofali peke yake ni mali, mbao peke yake ni mali, chuma ni mali, ila ukiangusha nyumba nzima kwa siku moja ukapata lundo lenye zege, jipsamu, vioo, misumari, nailoni na godoro la mpangaji wa mwisho, hapo umetengeneza taka na hakuna atakayekaa kuchambua. Ndo mana sipendi kabisa ile ya "bosi sisi tunakubomolea bure, tunachukua tu vitu vyetu". Bure wapi bwana. Ukikaa ukahesabu mabati, kenchi (mbao za kubebea paa), milango, grili na nyaya utakuta umewalipa vizuri kuliko fundi wako wa kujenga. Sikatai mpango huo, kwa mwenye haraka unafaa, ila kwanza zunguka nyumba na daftari, andika kila kitu kinachotoka, kauliza bei yake mtaani, halafu ndo mkae mpatane, na muandikishane nani anabeba kifusi mwishoni, mana wengi wanabeba vizuri vyote wanakuachia lundo.

Ukisimamia mwenyewe, unaanza na kilichofungwa mwisho. Kabla ya yote TANESCO wakate umeme na mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha au MUWSA kwa Moshi, wafunge maji, na upitie kwa mtendaji wa mtaa na halmashauri upate kibali cha kubomoa. Halafu zinatoka taa, soketi, nyaya, masinki, milango, madirisha, siling bodi, mabati, kenchi, na ukuta unashushwa kutoka juu kozi kwa kozi, yani mstari mmoja wa tofali baada ya mwingine. Usimruhusu mtu achimbe ukuta chini ili uanguke wenyewe, hiyo ndo inayoua vijana, na matofali yote yanapasuka juu ya hapo.

Nyaya zimenye, usichome. Vijana wengi wanapenda kuwasha moto mpira uungue ibaki shaba, na ule moshi ni sumu kwao na kwa jirani aliyeanika nguo za mtoto, halafu shaba iliyomenywa ikabaki inang'aa inapata bei kuliko ile nyeusi ya motoni. Chuma kingine peleka kwa mnunuzi wa chakavu mwenye kibali cha NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa, udai risiti, kilo zisomwe ukiangalia. Nondo za zamani zilizopinda fundi atakwambia tunazinyoosha tunatumia kwenye nguzo, mwambie hapana. Chuma kilichokunjwa kikanyooshwa kimeshachoka, na chenye kutu iliyokula ndani ndo kabisa. Kifanye uzio wa bustani, nguzo za kamba za kuanikia, au kiende mizani.

Mbao hapa nitakaa kidogo. Nyumba za zamani za Moshi na Arusha unakuta milango na fremu za mninga au mvule, mbao ambazo leo ukienda kuulizia bei unatoka kimyakimya, lakini kwa juu zimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka hadi zinaonekana takataka, kwaiyo fundi anazipiga shoka zikapikie maharage. Kwangua kona moja na kisu uone rangi ya mti wenyewe kabla hujatoa uamuzi. Ukikwangua vaa barakoa na watoto wasiwepo, rangi za kale nyingine zilikuwa na madini ya risasi, ni sumu. Misumari ing'oe siku hiyohiyo, usiseme kesho, mana mbao yenye msumari ikishalala kwenye nyasi lazima itapata mguu wa mtu. Papi (mbao nyembamba za chini ya mabati) na mirunda zinarudi kwenye boksi za kumwagia zege. Ila kuna mbao zina ukijanijani, hizo zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, usipikie, usichomee nyama, hata jivu lake usimwage kwenye mchicha. Nimeshaona mama ntilie anagawiwa hizo kwa upendo kabisa, nikamwomba azirudishe nikampa mirunda ya kawaida badala yake, na alininunia.

Sasa tofali. Kama nyumba ni ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo au chokaa una bahati, yanaachia, unayagonga kwa panga butu au nyundo ndogo yanabaki safi na unajengea tena jiko la nje au uzio. Bloku za simenti zenye udongo wa simenti kali huwa haziachii, zinavunjika, usipoteze siku, hizo ndo kifusi chenyewe. Na usisahau kilicho chini ya ardhi! Nyumba nyingi za Arusha zimekaa kwenye mawe meusi ya mlima Meru, watu wanabomoa ukuta wanafukia msingi wanaondoka. Chimbua yale mawe, yabandue simenti kwa nyundo, yarudi kwenye msingi mpya, jiwe halizeeki.

Vipande vya zege na bloku vinapondwa kwa nyundo kubwa visizidi ukubwa wa ngumi, vinaingia chini ya jamvi, yani zege la sakafu, kama mawe ya kujazia. Mwaga tabaka la inchi 6, mwagia maji, shindilia na kompakta, halafu tabaka jingine. Ukimwaga yote kwa mkupuo na kushindilia juujuu, jamvi litakaa miezi kadhaa kisha litatitia katikati ya sebule na marumaru zako zitapiga kelele ukizikanyaga. Na kabla hujamwaga pita na macho, toa kila kipande cha mbao, hata kidogo cha kidole, mana mchwa wanaanzia hapo chini wanapanda taratibu hadi kwenye fremu mpya za milango. Jipsamu pia itoe yote, ikilowa inalegea na chumvi zake zinaila simenti.

Kuna watu wananiuliza je hizo kokoto za kuponda si naweza nikamwagia slabu? Kwa nguzo, biimu na slabu sikushauri. Kokoto ya kifusi ina udongo wa zamani umeing'ang'ania, inakunywa maji ya zege, nguvu inashuka, na bila kupima maabara hakuna ajuaye umepata nini. Ya kujazia, ya zege jembamba la chini ya msingi, ya njia ya kuingilia gari, hapo sawa. Na kila tripu unayopunguza ni moramu ambayo mtu hakwenda kuichimba. Wa Arusha tunakumbuka Aprili 2013 kule Moshono, machimbo ya moramu yaliporomoka yakaua watu zaidi ya kumi.

Majirani watakuja kuomba kifusi wajazie mashimo ya mtaa, wape, lakini kiwe kimepondwa na kimetolewa misumari, la sivyo bodaboda wote wa kijiweni watakujua kwa jina na si kwa mema.

Kitu kimoja tu usikiguse mwenyewe. Ukikuta paa la mabati mazito ya kijivu, si chuma, yana unene kama wa milimita 6 na yakigongwa yanalia kama kigae, simamisha kazi. Hiyo inawezekana ni asbesto, ipo kwenye nyumba za zamani hasa zile kota za serikali na reli. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu, na ugonjwa unaweza kuja miaka 20 hadi 40 baadaye, kwaiyo fundi akikwambia "mbona nilishakata mengi na niko fiti" usibishane naye sana. Haikatwi, haipondwi, haigeuzwi banda la kuku. Ongea na NEMC au afisa mazingira wa halmashauri wakwambie nani aitoe na iende wapi.

Baada ya hayo yote kinachobaki kutupwa ni kidogo, jipsamu, vioo vilivyovunjika, nailoni, vumbi chafu, kwa Arusha uliza utaratibu wa dampo la Muriet. Dereva akikwambia "usijali mkuu najua pa kumwaga" ujue ni korongoni au ukingoni mwa Themi usiku, na masika yakija maji yanakosa pa kupita yanaingia kwa watu. Panda naye garini, au mtume kijana wako apande, na malipo yatoke baada ya kumwaga.